Mgeni Kutoka Nane

Mwano ulipigwa kutoka upande wa ghala la pamba, ukapokelewa na mtu wa bondeni, naye akaurusha kwa mwenzake wa mlimani, na kabla Salvina hajamaliza kunawa unga mikononi, kijiji kizima cha Busongo kilikuwa kimeshajua kwamba amekamatwa mgeni. Kwa asiyejua, mwano ni yowe la Kisukuma la kuitana kwenye shari. Ukiusikia unaupokea na kuupeleka mbele. Usipoupokea, utaulizwa ulikuwa wapi. Na mwaka ule wa themanini na nne, sungusungu wakiwa wamepamba moto huku kwetu Ushirombo, kuulizwa ulikuwa wapi hakukuwa mzaha hata kidogo.

Alikuwa bado anajifuta mikono kwenye khanga watu wawili wenye pinde begani wakasimama uani.

"Mwadila, mayu," mmoja akamsalimu. "Unaitwa ghalani. Tumemkuta mtu anakatiza kwenye mashamba ya pamba na gunia lake. Anasema ni mgeni wako."

"Mgeni gani?"

"Anasema yeye ni Otmar wa simu ya upepo."

Salvina aliiacha khanga ikaanguka chini na hakuiokota. Hakuna mtu Busongo asiyelijua jina hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amelitangaza, maskini, kwa furaha. Alikuwa mjane, mama wa binti mmoja, Paskazia, aliyekuwa akisoma Kahama. Kwa miaka mingi alikuwa ndiye mtu wa simu ya upepo pale misheni, na Otmar alikuwa mtu wa simu ya upepo kwenye zahanati moja ya misheni karibu na machimbo ya Geita. Walikuwa wakizungumza kila asubuhi, mbele ya masikio ya vituo vyote, mambo ya dawa na mafuta na habari za wagonjwa. Hawakuwahi kuonana hata siku moja. Lakini mtu na mtu wakiambiana habari za asubuhi miaka yote hiyo, kitu huota, hata kama wanaongelea klorokwini. Mwezi uliopita Otmar alikuwa amesema, kwa adabu na kwa kuzunguka, kwamba pamba ikishavunwa angependa kuja Busongo kuwasalimu wenyeji. Kila aliyesikia alielewa. Salvina alipita nyumba kwa nyumba akisema atapata mgeni, na wanawake wakamcheka mpaka akakasirika.

Sasa pamba ilikuwa imevunwa, na mgeni alikuwa amefungwa kamba.

Njiani alipiga hesabu. Simu ilikuwa haijafunguliwa tangu juzi, maana dizeli ya kuchajia betri ilikwisha na padri alikuwa ameifuata Kahama. Kwa hiyo Otmar angeweza kabisa kuwa ameondoka kwake bila yeye kujua. Angeweza kupata lori la wachimbaji, akashukia njia panda, akakatiza mashambani. Ilikuwa inawezekana, na Salvina alijiambia hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kwenye uwanja wa ghala jeshi la jadi lilikuwa limekaa duara, pinde magotini. Katikati alikaa mwanamume wa miaka thelathini na ushee, mikono nyuma, mdomo umevimba upande mmoja. Gunia lake lilikuwa limemwagwa: shuka, karai la kuoshea mchanga wa dhahabu, sufuria, kandambili. Stanslaus, ambaye ng'ombe wake watatu hawakurudi zizini tangu jana, alikuwa akizunguka nyuma yake na rungu. Macho yake yalikuwa mekundu, naye hakuwa mtu wa kunywa.

Kamanda alikuwa mzee Bujiku, mtu mpole wa sura na mzito wa kusema. Sikilizeni, mimi siwasemi sungusungu vibaya tu, kabla yao wezi wa ng'ombe walikuwa wametufanya tulale na viatu. Lakini jeshi likishakaa duara huwa gumu kuinuka bila kufanya kitu, na Bujiku alikuwa akilijua hilo kuliko wote.

"Shikamoo, baba," Salvina akasema.

"Marahaba, Mama Paskazia. Sheria unaijua."

Aliijua. Mgeni akishikwa, mwenyeji wake huitwa. Akisema ndiye mgeni wangu, huingia duara na kusimama naye ubavu kwa ubavu, na tangu hapo wawili hao ni mtu mmoja: likimpata mgeni limempata mwenyeji. Mgeni akionekana mwizi, mwenyeji hutengwa. Hakuna wa kumpa moto wala chumvi, hakuna wa kuitikia hodi yake, na mtoto wake akifiwa na mama hakuna wa kuja kuchimba kaburi. Lakini mwenyeji akisema simjui, huenda zake salama. Anayebaki ni mgeni asiye na mwenyeji, na mtu wa namna hiyo mwaka ule alikuwa hana mbele wala nyuma.

Salvina akamtazama yule mtu usoni. Hakumjua. Lakini angemjuaje? Uso wa Otmar alikuwa ameutunga mwenyewe, akiosha vyombo.

"Salvina," yule mtu akasema, "ni mimi, Otmar. Waambie."

Na sauti nayo hakuijua. Hilo pia halikuwa neno, kwa sababu simu ya upepo huzikondesha sauti zote. Aliwahi kukutana na mtu wa kituo cha Tinde sokoni Kahama, akamnunulia chai bila kujua kwamba ndiye aliyeongea naye asubuhi ile.

"Ujumbe wa mwisho ulionipa," akauliza, "ulikuwa wa..."

"Hostia," yule mtu akadakia. "Hostia zimekwisha kwetu, masista wa huku waoke nyingine watupelekee. Na klorokwini."

Ilikuwa kweli. Duara likanong'ona, na Stanslaus akashusha rungu kidogo. Salvina peke yake ndiye aliyeingiwa na baridi. Otmar hakuwa mtu wa kudakia. Ukimaliza kusema, Otmar hungoja kwanza, kama mtu anayeonja mboga kabla ya kusema chumvi imekolea, ndipo hujibu. Vituo vyote vilimtania kwa hilo. Huyu alikuwa amejibu swali halijaisha. Ingawa mtu aliyefungwa kamba naye, akiulizwa, ataonja nini?

"Unasimama naye?" Bujiku akauliza.

Salvina alimfikiria Paskazia akirudi likizo na kukuta nyumba ambayo hakuna anayebisha hodi. Alimfikiria Otmar, wa kweli, akiuawa mbele yake kwa sababu yeye alihitaji muda wa kufikiri. Akafungua mdomo na kuufunga.

"Anasita," Stanslaus akasema. "Kamanda, anasita. Mwenyewe hamjui."

"Sijawahi kumwona," Salvina akasema. "Mnajua wote kwamba sijawahi kumwona."

Bujiku akakuna kidevu. Kisha akasema polepole, "Simu yenu ina watu kila kituo. Kama Otmar yuko hapa, huko kwake hayuko. Twende ukapige. Akijibu Otmar, basi huyu ni mwongo na tutajua la kumfanya. Pasipojibu mtu, tutakuuliza tena."

Watu wakakubali kwa sauti moja. Lilikuwa wazo la akili, na Salvina alimchukia kwa kuwa nalo. Jua lilikuwa utosini, saa saba inakaribia, na kwa kawaida ya simu yao, asubuhi isipofunguliwa vituo vyote hukaa vikisikiliza saa saba mchana. Kama Otmar yuko kwake, basi sasa hivi amekaa mbele ya chombo chake akijiuliza Salvina amepatwa na nini.

Chumba cha simu kilikuwa nyuma ya kanisa, kidogo, chenye meza moja na dirisha moja. Bujiku aliingia na kukaa kwenye kiti cha padri. Yule mtu alisimamishwa nje dirishani, Stanslaus kamshika kamba, na jeshi lote likajaa nyuma yao mpaka mwanga ukapungua.

Bruda aliyeifunga simu ile zamani alikuwa amemwambia Salvina neno ambalo hakulisahau. Kituo chake, Moja, ndicho mwenyeji, na cha Otmar ni Nane. Hakuna kituo kitakachosema na kingine mpaka mwenyeji amekipokea, na hakuna kinachobisha ambacho mwenyeji anaruhusiwa kukinyamazia. Kingine: anayejibu hewani hujibu kwa namba ya kituo, si kwa jina lake, namba ni ya mahali, mtu huja na kuondoka. Siku hizi wataalamu wa kompyuta nao wana kompyuta mwenyeji, yenye kukaa mahali pake ikijulikana kwa namba, ikipokea wanaobisha na kuwajibu. Wanalisema kama jambo jipya. Salvina aliifanya kazi hiyo kwa betri ya gari na kiti kibovu.

Akaunganisha waya kwenye betri, iliyobakiwa na chaji kidogo tu ya dharura. Mshale wa kipimo ukainuka kidogo ukachoka.

"Ita," Bujiku akasema. "Ita Nane tu. Usiwaambie kitu kingine."

Hapo ndipo akili ya Salvina ilipokimbia. Akiita tu, Otmar kama yupo atajibu, kwa furaha, na kwa jibu hilo mtu atakufa dirishani pake. Awe nani mtu huyo, mwizi au si mwizi, hakuna aliyekuwa na hakika. Alikuwa anajua jambo moja tu, kwamba yeye hatakuwa mkono wa kuvuta ile kamba.

"Kamanda," akasema, na akashangaa sauti yake ilivyotulia, "simu hii ina sheria yake. Mwenyeji akifungua, kwanza anataja wageni waliopo kwake, ili ujumbe wao uletwe hapa. Nisipotaja, vituo havitajibu. Watadhani si mimi."

Nusu ilikuwa kweli. Kutaja wageni walitaja. Kutojibiwa ndiko alikoongeza mwenyewe. Bujiku alikuwa mtu wa sheria, na neno sheria lilikuwa likimlainisha.

"Taja," akasema.

Salvina akabonyeza kitufe. "Vituo vyote, vituo vyote, hapa Moja. Samahani kwa kimya cha tangu juzi, hatuna dizeli. Hapa kwangu yuko mgeni, Otmar wa Nane, amefika leo. Yuko mbele ya kamanda wa jeshi la jadi, na kamanda anataka kujua kama huko Nane kuna mtu. Vituo vingine nawaomba mkae kimya. Nane, Nane, kama upo nijibu. Ova."

Akaachia kitufe. Spika ikaanza kuvuma, ule mvumo wake wa mvua ya mbali. Nje hakuna aliyekohoa. Yule mtu alikuwa amefumba macho.

Kisha mvumo ukakatika.

Kwa watu wa dirishani haikuwa kitu, chombo kimenyamaza, basi. Lakini aliyeshika simu ya upepo anajua: mvumo ukikatika, mahali fulani mtu amebonyeza kitufe. Yupo. Mdomo wake uko kwenye kipaza sauti. Salvina alisikia pumzi, ikiingia, ikikaa. Alisikia ule ungojaji ambao angeutambua hata akiamshwa usingizini, mtu akionja neno kabla ya kulisema, na safari hii akilionja kwa muda mrefu kuliko siku zote. Usiseme, akamwomba kimoyomoyo. Otmar, nakuomba, usiseme.

Mvumo ukarudi.

"Ita tena," Bujiku akasema.

Akaita tena, na kisha tena. Mvumo tu.

"Kumbe kweli hakuna mtu," mmoja akasema dirishani.

Salvina alikuwa akijua sasa. Otmar alikuwa Geita, mzima, amekaa kwenye kiti chake. Na huyu wa dirishani alikuwa mwongo. Kwa hiyo Bujiku alipomgeukia na kumwuliza mara ya pili kama anasimama naye, hakuulizwa tena mwanamke asiye na hakika. Aliulizwa mwanamke anayejua kabisa. Angeweza kusema simjui, na ingekuwa kweli tupu, na angelala kwake salama.

Alitoka nje, watu wakampisha. Akaenda akasimama ubavuni mwa yule mtu, karibu kiasi cha kusikia anavyotetemeka, akachukua kamba mkononi mwa Stanslaus.

"Huyu ni mgeni wangu," akasema. "Nasimama naye."

Bujiku akatikisa kichwa kukubali. "Mchukue. Lakini asitoke kwako mpaka niridhike. Na kesho asubuhi nitakuja kukaa na wewe kwenye simu. Kituo hakiwezi kulala siku mbili bila mtu. Misheni watakuwa wameweka mwingine, na huyo tutamwuliza Otmar ameondoka lini na kwenda wapi. Akitujibu tofauti, Mama Paskazia, hiyo kamba itakuwa ya wawili."

Nyumbani Salvina alimfungua yule mtu, akamwekea maji ya kunawa, akamwekea ugali na mlenda, akakaa mbele yake akiwa na hasira mpaka masikio yanawaka.

"Kula," akasema. "Na ukimaliza uniambie jina lako. Otmar nimemsikia akihema Geita mchana huu."

Mtu yule aliacha tonge hewani. Kisha akalia, mwanamume mzima, makamasi na yote. Jina lake lilikuwa Maige. Alikuwa mchimbaji mdogo. Shimo walilokuwa wakichimba liliporomoka, wakaacha, akawa hana pa kulala, na Otmar akamkaribisha kwake. Alikaa kwa Otmar wiki kadhaa, akiwasikiliza kila asubuhi wakisalimiana. Alipoamua kurudi kwao kwa miguu na kwa malori, Otmar alimwambia, ukifika Busongo mtafute Salvina wa simu ya upepo, mwambie nimekutuma mimi, atakupa pa kulala.

"Basi si ungesema hivyo?" Salvina akamfokea. "Ungesema umetumwa na Otmar. Neno rahisi hivyo."

"Nilitaka kusema, dada. Wakanipiga hapa mdomoni wakaniuliza, wewe ni Otmar? Wewe ndiye mgeni wa Salvina tunayemsubiri? Nikaona uso wa mmoja umelegea alipolitaja jina. Nikasema ndiyo. Ndiyo ikishatoka, nitairudishaje?"

"Na ng'ombe?"

"Haki ya Mungu sijawaona."

Alimwamini, na kumwamini hakukumpunguzia hasira. Afadhali niwaambie mapema ili msije mkamfikiria vibaya: ng'ombe wale hawakuibiwa. Walikuwa wamezama kwenye tope la mbuga upande wa pili wa mto, na walionekana Jumapili, wawili hai na mmoja kafa. Lakini siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na mchana ule hakuna aliyekuwa na habari ya tope.

Kilichomuumiza Salvina hakikuwa kamba. Alipokuwa akiosha vyombo ndipo kilipomshukia, na ikabidi akae chini. Otmar alikuwa ameshafika Busongo. Kijiji kizima kilikuwa kimemwona, na alikuwa na uso wa Maige. Yule wa kweli akija sasa, na shati lake safi, na maneno yake ya adabu aliyoyaonja njia nzima, atakuwa mwongo wa pili, na jeshi litamkalia duara, na yeye Salvina atakuwa amewadanganya sungusungu mbele ya kanisa. Alikuwa amemwokoa mgeni asiyemjua kwa kumfungia mlango yule aliyemngoja. Na Otmar, kwa kunyamaza, alikuwa ameufunga kwa upande wake. Aliachia kitufe akijua anachokiachia. Salvina alilia kwa uchungu na kwa wivu, akamwonea wivu hata Maige, aliyekuwa amelala katika kibaraza cha nyumba yake kwa jina la mtu anayempenda.

Asubuhi Bujiku alifika mapema, na Stanslaus nyuma yake.

"Mwangaluka," akasalimu, akakaa kwenye kiti cha padri, akaweka upinde wake kati ya magoti. "Leo usitaje wageni. Jana umewataja. Leo Nane ajibu, umwulize niliyokuambia, na mimi nisikie."

Mshale wa betri ulikuwa umeshuka mpaka karibu na mwanzo. Maige alikuwa amesimamishwa dirishani pale pale pa jana. Salvina alibonyeza kitufe.

"Nane, Nane, hapa Moja. Kama kuna mtu, ajibu. Kamanda anauliza habari za Otmar. Ova."

Mvumo. Kisha mvumo ukakatika, na palikuwa na kimya kifupi.

"Moja, hapa Nane, nakupata," sauti ikasema, nyembamba, ya upepo. "Shikamoo kamanda. Otmar hayupo. Ameondoka juzi, amesema anakwenda Busongo kwa Salvina. Tena alikuwa na gunia la vyombo vyake vya dhahabu, anachimba chimba siku za mapumziko. Kama amefika salama tunashukuru. Mimi ndiye nimeshika nafasi yake. Naitwa Gregory. Ova."

Salvina alikitazama chombo. Gregory lilikuwa jina la kipaimara la Otmar. Alimwambia mwenyewe zamani, siku ya Pentekoste, wote wawili wakitajiana majina waliyopakwa nayo mafuta na ambayo hakuna anayewaita nayo. Hata uongo wake ulikuwa wa mtu mwaminifu.

Stanslaus akashusha pumzi dirishani. Bujiku alikuwa akisikiliza, kichwa kimeinama. Na Salvina akakumbuka kwa hofu kitu ambacho usiku kucha hakukifikiria: vituo vingine. Kahama yupo hewani, Tinde yupo, Runzewe, wote. Watu hao walikuwa wameisikia sauti ile miaka yote, walikuwa wakiutania ungojaji wake, na hakuna hata mmoja asiyejua nani aliyesema sasa hivi. Mmoja akicheka, mmoja akisema we Otmar umeanza lini kuitwa Gregory, wamekwisha.

Mvumo ukakatika.

"Moja, hapa Mbili, Kahama," mwanamke akasema. Alikuwa Melania, mcheshi kuliko wote, asiyeweza kuacha neno lipite. Salvina alifumba macho. "Naomba nafasi nimsalimu mgeni. Karibu kwenye simu, Gregory. Sisi hatukufahamu, lakini utatuzoea. Ova."

"Hapa Tatu, Tinde. Karibu sana, Gregory. Mwenzako Otmar alikuwa mtu mwema, tumwombee safari njema. Ova."

"Hapa Tano, Runzewe. Karibu, Gregory."

Wakaja wote, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa zamu yake, na hakuna aliyekosea jina. Walikuwa wameisikia ile ya saa saba mchana, na walikuwa wameelewa wote, kila mtu peke yake kwenye chumba chake, bila kuambiana. Salvina aliwapokea mmoja mmoja kama alivyofundishwa. Ilibidi aume ndani ya shavu.

Wa mwisho alikuwa Nane tena.

"Nawashukuru wote. Moja, mimi huku ni mgeni, sijui watu. Kama kamanda ataridhia, siku moja ningependa kuja Busongo kuwasalimu wenyeji. Ova."

Bujiku aliinua kichwa. Alinyanyua upinde wake, akasimama, akamwashiria Stanslaus dirishani amwache yule mtu aende zake.

"Huyu mpya ana adabu kuliko huyo wako," akamwambia Salvina. "Mwambie aje. Lakini apite njia kuu, mchana, asikatize mashambani mwa watu."

Salvina akabonyeza kitufe, akampa Gregory maneno ya kamanda neno kwa neno, na machozi yakimdondoka mezani.